Kuchagua Plagi za Nyaya za Bawa kwenye Glaida ya Redio

Wajenzi wengi wa glaida (ndege za kuelea angani) za kuongozwa kwa redio hutumia wiki nzima kuchagua sevo za bawa, yaani mota ndogo zinazosogeza sehemu za bawa, kisha plagi ya kuzilisha sevo hizo huchaguliwa usiku wa kuamkia siku ya kuruka, kwa kupekua kilichobaki kwenye boksi la vifaa. Nami nilifanya hivyo kwa miaka mingi. Siku hizi sianzi na ampea zilizoandikwa kwenye pakiti. Naanza na maswali mawili: bawa linaingia na kutoka vipi kwenye bodi (mwili wa ndege), na waya wa hasi utapita wapi? Nikishapata majibu, huwa imebaki plagi moja au mbili tu za kufikiria.

Mwongozo huu ni kwa glaida zenye sevo ndani ya bawa: za eleroni (vibao vya kuinamisha ndege kushoto au kulia), flapu (vibao vya kushushwa wakati wa kutua), na pengine breki za hewa. Kila bawa linapotenganishwa na bodi kwa ajili ya kusafirisha, lazima nyaya zikatike mahali fulani na ziungane tena uwanjani. Mahali hapo ndipo tunapopashughulikia.

Hatua ya 1: Tazama bawa linavyoungana na bodi

Weka ndege mezani, ifunge na kuifungua mara kadhaa bila nyaya zozote. Angalia mkono wako unafika wapi, bawa linasogea uelekeo gani, na kuna nafasi kiasi gani kwenye shina la bawa, yaani sehemu inayogusana na bodi.

Bawa la kipande kimoja, linalokaa juu ya bodi na kufungwa kwa bolti, ndilo rahisi kuliko yote. Hapo unaweza kuchomoza mkia wa waya kutoka kwenye bawa, ukauchomeka kwa mkono kwenye mkia mwingine unaotoka ndani ya bodi, kisha ukashusha bawa mahali pake. Glaida ndogo za kurushwa kwa mkono, zile za daraja la F3K ambazo upana wa bawa lake hauruhusiwi kuzidi mita 1.5, nyingi hujengwa hivi, na kwa hizo plagi ya kawaida ya sevo inatosha kabisa.

Bawa la vipande viwili linalosukumwa kwenye fimbo ya kaboni hadi ligusane na ubavu wa bodi ni kazi nyingine. Katika sentimita ya mwisho mkono hauwezi kuingia. Ama plagi ijichomeke yenyewe bawa linapofika, ama uache mkia wa waya ambao utauchomeka wakati bawa bado liko mbali kidogo, kisha uusukumie ndani kwenye tundu. Njia zote mbili zinafaa, lakini zinadai plagi tofauti.

Bawa la vipande vitatu huongeza tatizo la unene. Flapu ziko kwenye kipande cha kati, eleroni kwenye vipande vya nje, na pale vinapoungana bawa limeshakuwa jembamba, mara nyingi chini ya milimita 20. Pima unene huo kwa kipimo cha kalipa, toa unene wa ngozi ya juu na ya chini, ndipo ujue plagi gani itaingia. Usikisie kwa macho. Plagi iliyobanwa kati ya ngozi mbili za bawa huinua ngozi na kuharibu umbo la bawa ambalo mtengenezaji wa kalibu alihangaika sana kulipata.

Andika ulichokiona kabla ya kununua chochote.

Hatua ya 2: Hesabu nyaya, kisha hesabu mkondo

Kila sevo ina nyaya tatu: hasi, chanya na ishara. Kwa Futaba rangi ni nyeusi, nyekundu na nyeupe. Kwa JR ni kahawia, nyekundu na rangi ya machungwa. Hitec hutumia nyeusi, nyekundu na njano. Chanya iko katikati kwa zote hizi. Bawa lenye eleroni na flapu lina sevo mbili, hivyo nyaya sita. Zikishirikiana chanya na hasi, kiwango cha chini ni nyaya nne. Ukiongeza breki ya hewa unafika nyaya tisa, au tano kwa kushirikiana.

Mkondo unausoma kwenye karatasi ya sevo. Tafuta mkondo wa kukwama, yaani ule sevo inaovuta ikizuiwa kabisa isigeuke. Huo ndio wa kuhesabia, kwa sababu glaida huwa na nyakati ambazo sevo karibu inakwama kweli: flapu zikishushwa kwa nguvu huku eleroni zikipanda ili kuvunja mwendo wakati wa kutua, au ndege ikipiga mbizi na rubani akavuta ghafla. Mkondo wa wastani wa safari tulivu hautakusaidia siku hiyo.

Watu wengi huishia hapo: wanajumlisha ampea, wanalinganisha na plagi, basi. Lakini plagi mpya, hata ya bei ndogo, hupoteza volti kidogo sana. Kinachopoteza volti nyingi ni waya wenyewe. Chukua sevo ya eleroni iliyo mita 1.2 kutoka kwenye shina la bawa, ikivuta ampea 2. Mkondo unakwenda na kurudi, kwa hiyo waya ni mita 2.4. Kwa waya wa AWG 28 (AWG ni kipimo cha Kimarekani cha unene wa waya), wenye ukinzani wa takriban omu 0.213 kwa mita, unapoteza volti 1 hivi njiani. Kwa AWG 26 unapoteza karibu volti 0.64. AWG 24 ni volti 0.4, na AWG 22 ni robo tu ya volti. Kumbuka namba ikipungua waya unanenepa. Mguso mmoja wa plagi ya sevo iliyo nzima una ukinzani wa miliomu 20 au pungufu. Miguso miwili kwa ampea 2 haizidi volti 0.08.

Sasa tazama waya wa hasi peke yake. Nusu ya upotevu huo hutokea kwenye hasi, na kila volti inayopotea hapo huinua sifuri ya sevo (kiwango inachopimia volti) juu ya sifuri ya risiva, yaani kipokezi cha redio ndani ya ndege. Risiva nyingi za leo hutuma ishara ya volti 3.3. Kwa waya ule wa AWG 28, nusu volti imeshapotea kwenye hasi, hivyo sevo inaiona ishara kama volti 2.8. Hasi ikiwa na lehemu mbovu au pini iliyolegea, kiwango kinashuka zaidi, na sevo inaanza kutetemeka au kupuuza amri. Mtu atalaumu redio, atabadilisha antena, atabadilisha sevo, kumbe ni hasi ya bawa. Ndiyo maana nawaambia wote ninaojenga nao: chanya ikidhoofika sevo inapungua nguvu, hasi ikidhoofika sevo inapotea akili.

Ukitaka kanuni ya haraka: AWG 22 au 24 kwa chanya na hasi katika glaida kubwa, AWG 26 kwa ishara ukipenda kupunguza uzito, na AWG 26 kwa zote katika glaida ndogo yenye sevo ndogo. Waya wa ishara hauna mkondo wa maana, hivyo hapo wembamba haudhuru.

Hatua ya 3: Linganisha plagi zenyewe

Plagi ya kawaida ya sevo. Pini zake ni za mraba, upana wa milimita 0.64, na umbali kati ya pini na pini ni milimita 2.54. Kwa kawaida huhesabiwa kubeba ampea 3 hivi kwa pini. Uzuri wake ni kwamba huhitaji kulehemu chochote, na ikiharibika unanunua nyingine popote. Udhaifu wake ni kwamba tundu lake ni bati jembamba lililokunjwa, na bati hilo huchoka. Ukichomeka na kuchomoa kila wikendi kwa miaka miwili, utahisi plagi inateleza bila upinzani, hapo imekwisha. Pia haina kifungo, kwa hiyo inahitaji kishikizo cha plastiki au kipande cha utepe. Iweke kwenye bawa la kipande kimoja, kwenye mikia ya kuchomeka kwa mkono, na kwenye kiungo chembamba cha bawa la vipande vitatu. Tumia plagi moja kwa kila sevo. Usiziunganishe sevo mbili zenye nguvu kwenye hasi ya plagi moja ya aina hii, maana ampea 2 na ampea 2 ni 4, na pini haikutengenezwa kwa hizo.

Plagi ya kijani ya pini sita, iliyoenea kwa jina la Multiplex. Hii ndiyo ninayoiweka kwenye karibu kila glaida ya bawa la vipande viwili. Miguso yake ina springi na imepakwa dhahabu. Inabeba mkondo mkubwa kiasi kwamba wajenzi wa ndege za umeme waliitumia kwa miaka kuunganisha betri na mota, pini tatu zikiwa chanya na tatu hasi. Kwa sevo mbili za bawa, huwezi kuichosha. Umbo lake halikubali kugeuzwa. Kasoro yake moja ni kwamba inabana sana, hasa ikiwa mpya, na mkono usiojua huchomoa bawa kwa kulitikisa kushoto na kulia, jambo linalopinda pini na kuvunja gundi. Kasoro ya pili ni kwamba sehemu ya kulehemu iko wazi, hivyo kazi ya kuikinga ni yako.

Plagi ya pini tisa yenye umbo la D. Hii ilijulikana zaidi kwenye ulimwengu wa kompyuta. Familia yake ilibuniwa na kampuni ya Cannon, baadaye ITT Cannon, mwaka 1952. Ina safu ya pini tano na safu ya pini nne, umbali wa milimita 2.77 kati ya pini, na kwa kawaida kila pini huhesabiwa ampea 5. Inapendeza pale bawa lina sevo tatu, kwa kuwa kila sevo inapata nyaya zake tatu bila kushirikiana. Angalia ubora: zipo zenye pini zilizochongwa kwa mashine, ambazo hustahimili kuchomekwa mara mamia, na zipo zenye pini za bati lililokunjwa na dhahabu nyembamba sana, ambazo huisha mapema. Kwa nje zinafanana. Tazama ndani ya tundu kwa kioo cha kukuza: tundu la mviringo kamili lenye ufa mwembamba ni lililochongwa.

Plagi ndogo za betri, zile nyeupe za kusawazisha seli za betri za LiPo (lithiamu-polima) zenye umbali wa milimita 2.5. Nimeziona kwenye mabawa mengi kwa sababu ni nyepesi na zinapatikana kila mahali. Sizipendekezi kwa bawa linalofunguliwa kila mara. Zimetengenezwa kuunganishwa mara chache, na watu huzichomoa kwa kuvuta waya.

Kuna njia moja zaidi, ya kutumia mfumo wa basi ya kidijitali, ambapo waya mmoja wa ishara hubeba amri za sevo zote za bawa na kisanduku kidogo ndani ya bawa huzigawa. Nyaya zinabaki tatu tu. Inavutia kwa mabawa yenye sevo nyingi, lakini jua kwamba ishara moja ikikatika, bawa lote linanyamaza.

Na usichanganye dhahabu na bati. Plagi dume ya dhahabu ikichomekwa kwenye jike ya bati, metali mbili tofauti zikisuguana huzaa kutu ya haraka kwenye upande wa bati. Nunua pande zote mbili pamoja, za chapa moja.

Hatua ya 4: Panga pini kabla ya kuwasha pasi ya kulehemu

Chora mchoro. Kosa linalotokea zaidi kuliko lolote ni la kioo: upande wa kulehemu wa plagi dume ni kinyume cha upande wa kulehemu wa plagi jike. Mtu anahesabu pini kutoka kushoto kwa zote mbili, na nyaya zinageuka.

Kwa plagi ya pini sita, yenye safu mbili za pini tatu, mpangilio ninaoutumia ni huu: pini mbili za katikati ni chanya, mbili za upande mmoja ni hasi, mbili za upande wa pili ni ishara, ya juu ya flapu na ya chini ya eleroni. Sababu ni ileile iliyowafanya watengenezaji wa plagi za sevo waweke chanya katikati. Ukikosea kwa namna ya kioo, kati inabaki kati. Hasi inabadilishana na ishara, sevo hazifanyi kazi, unagundua mezani, na kwa kawaida hakuna kilichoungua. Ukiweka chanya pembeni na hasi pembeni, kosa lilelile linageuza betri.

Kisha unganisha hasi mbili kwa kipande kifupi cha waya kwenye upande wa bawa, na chanya mbili vivyo hivyo. Upande wa bodi huna haja ya kufanya hivyo, kwa sababu hasi zote tayari zimeungana ndani ya risiva, na chanya pia. Kwa kipande hicho kidogo cha waya, pini moja ya hasi ikilegea, sevo zote mbili zinaendelea kurudisha mkondo kupitia pini iliyobaki. Hakuna kazi nyingine ya dakika tano kwenye glaida ninayoithamini kama hii. Niliwahi kupoteza flapu moja katikati ya kutua kwa sababu ya lehemu baridi, yaani isiyoshika vizuri, kwenye hasi. Ndege ilijipindua mita mbili juu ya ardhi na kuvunjika pua. Tangu hapo sijalehemu bawa bila kuunganisha hasi.

Weka mpangilio uleule kwa bawa la kushoto na la kulia, na kwa ndege zako zote. Mchoro ubandike kwenye kifuniko cha boksi la vifaa.

Hatua ya 5: Matundu upande wa betri

Plagi jike ikae kwenye bodi, dume kwenye bawa. Bodi ndiyo yenye betri. Pini zilizo wazi zenye umeme, karibu na fimbo ya kaboni na bodi ya kaboni, ni hatari, maana kaboni inapitisha umeme. Bawa likikatika waya mmoja, unapoteza bawa moja. Lakini chanya na hasi zikigusana kwenye shina la bawa, volti ya risiva inaanguka na ndege nzima inazimika. Kwa sababu hiyohiyo, zima risiva kila mara kabla ya kuchomeka au kuchomoa bawa.

Hatua ya 6: Lehemu

Chomeka dume na jike pamoja kabla ya kulehemu. Plastiki hulainika kwa joto, na plagi ya upande wa pili inazishika pini zisihame. Tumia ya zamani kwa kazi hii, si mpya uliyonunua.

Pasi iwe na joto la kama nyuzi 350 na ncha nene kiasi. Wanaoanza hutumia ncha nyembamba wakidhani wanailinda plagi. Matokeo yake wanashikilia sekunde kumi na plastiki inayeyuka. Ncha nene huingia na kutoka ndani ya sekunde mbili. Lehemu ya asilimia 63 bati na 37 risasi huyeyuka kwenye nyuzi 183 na kuganda mara moja, jambo linalopunguza viungo baridi. Pakaza lehemu kwenye pini kwanza, kisha kwenye waya, ndipo uviguse pamoja bila kuongeza nyingine. Kiungo kizuri kinang'aa na umbo la nyuzi za waya linaonekana ndani yake. Kikiwa donge la mviringo lenye rangi ya kijivu, kirudie.

Usiache lehemu ipande ndani ya waya zaidi ya milimita chache. Pale inapoishia, waya laini unakutana na waya mgumu, na ndipo unapokatika kwa mtikisiko.

Vuta mpira wa kujibana kwa joto juu ya kila pini, pamoja na zile za hasi. Umeshauvisha waya kabla ya kulehemu, sivyo? Kila mjenzi husahau siku moja. Safisha mabaki ya fluksi kwa spiriti ya isopropili, kisha funika nyuma ya plagi yote kwa gundi ya moto au epoksi, ikishika na sentimita moja ya nyaya. Gundi hiyo ndiyo itakayobeba mvuto wa waya, ili lehemu isiubebe.

Nyaya ndefu ndani ya bawa zisokote, mzunguko mmoja kwa kila sentimita mbili au tatu. Kwenye glaida yenye mota ya umeme hili lina maana zaidi, kwa kuwa kidhibiti cha mota hutoa kelele za umeme.

Hatua ya 7: Funga plagi kwenye ubavu

Hapa ndipo plagi nzuri huharibiwa. Bawa hewani halitulii. Linapinda, na shina lake husogea sehemu ndogo za milimita kwenye ubavu wa bodi. Plagi zikigandishwa kwa ugumu pande zote mbili, mwendo huo wote unabebwa na pini. Baada ya miezi, dhahabu inasuguliwa, vumbi jeusi linajitokeza, na ukinzani unapanda. Kwa hiyo upande mmoja ugandishwe, upande mwingine uachwe ucheze kidogo.

Mimi hugandisha upande wa bodi. Kata tundu lenye umbo la plagi kwenye ubavu, paka epoksi iliyokorogwa na nyuzi za pamba, na uhakikishe uso wa plagi uko sawa na ubavu au umezama kwa nusu milimita. Upande wa bawa, panua tundu kwa milimita moja kuizunguka plagi, acha kitanzi cha waya cha sentimita tatu au nne nyuma yake, na ishike kwa silikoni laini. Silikoni inaruhusu plagi kutafuta njia yake wakati wa kuingia na kuizuia isizame ndani ya bawa.

Namna ya kupata ulinganifu: kata kipande cha nailoni nyembamba chenye tundu la kupitisha plagi, kiweke kati ya bawa na bodi ili gundi isiyaunganishe. Chomeka dume na jike. Paka epoksi upande wa bodi, ingiza fimbo ya bawa na pini za mwelekeo, sukuma bawa hadi mwisho, funga kwa utepe, uache usiku kucha. Usifanye kwa epoksi ya dakika tano peke yake. Inashika haraka kuliko unavyoweza kurekebisha, na haivumilii joto la gari lililoegeshwa juani. Kesho yake chomoa bawa kwa kulivuta moja kwa moja, kisha jaza silikoni upande wa bawa na urudishe tena hadi ikauke.

Plagi ya kijani ikibana, utashawishika kuiachia kazi ya kulishikilia bawa. Usikubali. Bawa lishikwe na utepe kwenye kiungo, au skrubu, au kifungo cha springi. Plagi ibebe umeme tu.

Ukichagua mkia wa waya badala ya plagi ya kujichomeka, mambo ni mepesi: tundu kwenye ubavu liwe kubwa la kutosha plagi kurudi ndani, kingo zake zisuguliwe ziwe laini zisikate waya, na mkia uwe mrefu wa kutosha mkono wako kuchomeka, usizidi hapo.

Hatua ya 8: Pima kabla ya kuruka

Maltimita kwenye alama ya kengele inakuambia tu kwamba waya haujakatika. Waya wenye uzi mmoja uliobaki nao hupiga kengele. Kipimo kinachosema ukweli ni cha mkondo. Pitisha ampea 1 kwenye njia ya hasi, kutoka plagi ya risiva hadi ncha ya bawa, kwa kutumia chanzo cha umeme chenye kikomo cha mkondo. Weka maltimita kwenye milivolti, gusa pande mbili za plagi ya bawa. Kwa ampea 1, kila milivolti ni miliomu moja. Plagi ya pini sita iliyo nzima inaonyesha milivolti chache. Ukiona makumi, kuna lehemu au pini ya kurudia. Linganisha bawa la kushoto na la kulia, maana tofauti kubwa kati yao ni dalili hata kama namba zote zinaonekana ndogo.

Kisha washa redio, pima volti kwenye ncha ya sevo huku ukiizuia flapu kwa kiganja, polepole, bila kuitesa sevo. Mwisho, peleka eleroni huku na huku huku mwenzako akitikisa shina la bawa kwa mkono. Tetemeko lolote linaloanza na kuisha pamoja na mtikisiko linatoka kwenye plagi.

Uwanjani, kila unapofunga ndege, chezesha kila sevo ya bawa kabla ya kubandika utepe, si baada yake. Kila baada ya miezi michache, futa pini kwa spiriti na brashi laini, tazama kama kuna vumbi jeusi au rangi ya shaba inayojitokeza chini ya dhahabu. Ukiiona, badilisha dume na jike kwa pamoja, kwa sababu tundu lililochakaa litaikwaruza pini mpya ndani ya wiki chache.